Somo: Dakika 10 kwa siku za kuchana mitindo huru

Ukimuuliza mtu anayesema "fristaili (kuchana, yaani kurap, papo kwa papo) sina kipaji nayo" anafanyaje mazoezi, mara nyingi utasikia kwamba anawasha biti, anachana saa nzima mpaka ulimi unakauka, kisha anakaa wiki mbili kimya. Saa nzima ni ndefu mno. Ukishachoka unarudia mistari yako ileile bila kujijua. Chukua dakika 10, kila siku.

Hatua ya 1: dakika 2, bila biti. Taja unachokiona, sentensi baada ya sentensi: dirisha liko wazi, kiatu kimepinduka. Vina achana navyo. Unauzoeza mdomo usingoje ruhusa. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima ubongo wa marapa 12. Walipokuwa wakichana papo kwa papo, eneo la ubongo linalohusika na kujikagua lilipoa kuliko walipochana mistari ya kukariri.

Hatua ya 2: dakika 4, vina. Hapa ndipo pa kutolea jasho. Kiswahili kinakudekeza: karibu kila neno linaishia na irabu, kwa hiyo *pendana* na *pigana* vinakuja vyenyewe. Msikilizaji naye anaviona vikija. Tafuta vina vya silabi mbili, na changanya aina za maneno, kitenzi kwa nomino au kielezi.

Siri ni kuanzia mwisho. Chagua neno la kufungia kabla hujafungua mdomo. Tuseme una *mlango* mbele yako, na mstari wa kwanza utaishia *kunijibu*. Ukiwa bado unautamka, kichwani shika *taratibu*, kisha lielekee:

*Nagonga huu mlango, hakuna wa kunijibu,*
*Nakaa kizingitini, ninachana taratibu.*

Kila kipande, yaani nusu ya mstari, kina mizani 8, kama shairi la darasani. Wale tuliokuwa tunasinzia kipindi cha ushairi, sasa tunalipa deni.

Hatua ya 3: dakika 3, na biti. Tumia biti ya mapigo kama 90 kwa dakika. Kipande cha mizani 8 kinakaa ndani ya mapigo 4, silabi mbili kwa kila pigo. Hairuhusiwi kusimama, hata ukitoa upuuzi.

Hatua ya 4: dakika 1. Jirekodi hatua ya 3, usikilize kipande kimoja tu. Mara ya kwanza kujisikiliza niligundua nasema "yaani" karibu kila mstari. Nililipiga marufuku wiki nzima, nikajikuta nakwama kila mahali, maana ndilo lilikuwa gongo langu la kuegemea.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikikwama katikati nifanyeje?*
Rudia maneno ya mwisho uliyosema, ukiyageuza kidogo: "hakuna wa kunijibu, nasema hakuna jibu". Umeshapata mapigo 4 ya kufikiria. Kiitikio kifupi ulichokiandaa kinasaidia pia, ila ukikitumia mara tatu watu watakushtukia.

*Biti inanikimbia, namaliza sentensi mapigo yameshapita.*
Unajaza maneno mengi, ndugu. Punguza mpaka mizani 5 au 6 na uache nafasi tupu mwishoni. Kina kitue kwenye pigo la nne, pale sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, inapolia. Ukikosea kote, hapo usikose.

*Kuchomeka mistari niliyoiandika nyumbani si udanganyifu?*
Watu wanabishana sana kuhusu hili. Mimi naona jukwaani sawa, alimradi uiunganishe na kilichopo mbele yako. Kwenye dakika 10 za mazoezi, hapana.

*Mimi ni mwanamke na sauti yangu ni nyembamba, biti inaimeza.*
Dada, punguza sauti ya biti kwanza, usipaze yako. Halafu tamka konsonanti kwa nguvu, hasa *k*, *t* na *p*. Jirekodi ukinong'ona mstari mmoja: ukisikika kila neno, sauti nyembamba si tatizo.