Feni ya ndani ya AC imegoma? Pima kabla hujanunua mota

Mafundi wenzangu wa Mtwara na Lindi, mota nzima zinang'olewa bure na mwenye nyumba ndiye anayelipa. AC nyingi za Gree zikiandika H6, maana yake bodi (saketi inayoongoza AC) haipati taarifa kwamba feni inazunguka. Mota inaweza kuwa nzima kabisa.

Zima breka, si rimoti. Subiri dakika 10, maana bodi za inveta hubaki na umeme. Zungusha blowa, yaani ile feni ndefu ya mviringo, kwa kidole: ikiwa nzito, kagua uchafu na bushi inayoshika mwisho wake.

Ikizunguka laini, chomoa plagi ya mota uimulike kwa tochi. Nyumba za Shangani na Mikindani zinakula upepo wa chumvi mwaka mzima, na hapa ndipo ugonjwa unapojificha: pini zimeota ukijani, nyingine imelegea. Safisha kwa spreya ya kontakti, acha ikauke, irudishe mpaka ikae sawasawa.

Bado? Mota yenye kapasita ikivuma bila kuzunguka, pima kapasita kwanza. Ikizunguka kisha ikazimika na kuandika H6, shuku sensa ya mzunguko. Washa breka, feni ikiwa imetulia, pima waya wa taarifa huku ukisukuma blowa kwa kijiti kikavu: volti zipande na kushuka, kwa kawaida kati ya 0 na 5. Zikiganda na sensa inapata umeme wake, sensa imekufa.

Mota ya DC mara nyingi ina waya tano. Nyekundu hubeba volti 310 hivi, nyeupe 15, njano amri ya mwendo, bluu taarifa. Nyeusi ni ya kurudi, lakini si ethi ya nyumba; usiiguse hata kidogo. Nyekundu na nyeupe zikiwa na volti zake, volti za njano zikapanda na feni haijatikisika, hapo badilisha mota.

Swali: Fundi, mota ya DC naweza kuipima kwa omu (ukinzani)?
Jibu: Hapana ndugu yangu, ndani ina saketi yake, omu zitakudanganya. Na usiichomoe umeme ukiwapo, utaua bodi.

Swali: Volti 15 hazipo. Ni bodi?
Jibu: Usihukumu bado. Zima, subiri, chomoa mota, washa upime tena. Zikirudi, mota ndiyo inayozivuta chini. Zisiporudi, fungua bodi.

Swali: Niko Lindi mjini. Feni inazunguka ila upepo hafifu, koili inaganda barafu.
Jibu: Osha chujio, kisha toa blowa uisugue kila pezi. Vumbi likijaa kwenye mapezi, blowa haivuti hewa hata ikizunguka kwa kasi.