Roboti 20 mezani: jinsi ya kuzifanya zichague kitu kwa pamoja

Kama unataka kuona ushirikiano unavyozaliwa kwa macho yako, tafuta Kilobot. Ni viroboti vya Harvard, vya kina Michael Rubenstein na Radhika Nagpal, kimoja kina upana wa milimita 33 tu, miguu mitatu myembamba na mota mbili za kutetemesha, magurudumu hamna. Mwaka 2014 walipanga 1,024 vikajiunda umbo la nyota vyenyewe, ilichukua kama saa 12 hivi. We anza na 20, zinatosha sana.

Kwanza kabisa kalibresheni, na hapa usiharakishe. Weka kimoja peke yake mezani ukiangalie: kinatetemeka, kinasogea kidogo, mara kinakata kona kushoto na wewe umekiambia kiende mbele. Sio kibovu, mota zake hazilingani nguvu, kwa hiyo badilisha namba za kila mota mpaka kinyooke, alafu rudia kwa vyote maana havifanani. Meza iwe laini na bapa, vinaongea kwa mwanga wa infraredi (usioonekana kwa macho) unaodunda mezani, na ikizidi sm 7 hivi havisikiani tena.

Sasa jaribio. Tenga sehemu A na B, kila upande weka Kilobot chache zisizotembea zitume namba ya ubora, A iwe mara mbili ya B, yaani A ndiyo jibu sahihi. Zinazotembea zote zipe programu moja, bosi hakuna, nusu zianze na A nusu na B. Kanuni ni ya nyuki wanaotafuta makazi mapya: kagua sehemu yako, rudi katikati utangaze, na ikiwa nzuri tangaza muda mrefu zaidi. Muda ukiisha sikiliza majirani, fuata wengi, nenda tena kukagua. Mtafiti Gabriele Valentini na wenzake walifanya hivi na Kilobot 100, na utamu uko hapa: kiroboti kikisikiliza majirani wengi kundi linaamua haraka ila linakosea zaidi, ukikiambia kiige jirani mmoja tu yeyote linachelewa lakini linapatia. Yaani jaribu zote mbili, usiniamini mimi.

Huna roboti? Pakua ARGoS, ni simuleta ya bure (programu ya kuigiza roboti kwenye kompyuta), na ina nyongeza ya Kilobot unayoisakinisha juu yake.

Rudia kila mpangilio hata mara 30 huku unarekodi video kutoka juu. Zile raundi zilizoangukia B usizifute, rudisha video uangalie dakika za mwanzo nani alikuwa karibu na nani.