Kurusha Piper Cub ya zamani kutoka Wilson kwa simulata: usiivute mapema

Wengi wakipata simulata, yaani programu ya kurusha ndege kwa kompyuta, wanakimbilia ndege kubwa ya abiria, wanawasha otopailoti ijiendeshe, wanakaa. Mimi nakuomba uanze na Piper J-3 Cub, ile ya njano iliyoundwa Marekani kuanzia 1938 hadi 1947, injini ya nguvu-farasi 65 pekee, na uirushe kutoka hapa kwetu uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi.

Simulata ya FlightGear ni ya bure na Cub unaipakua humo humo. Kwa Microsoft Flight Simulator utaona Savage Cub, lakini hiyo ni ya kisasa na injini yake ina nguvu zaidi, tafuta J-3 yenyewe. Uwanja andika HKNW, ndiyo kodi ya Wilson. Joistiki ya bei ya chini inatosha bora mkono wake uwe unajizungusha kushoto kulia, kwa sababu hiyo ndiyo itakuwa miguu yako kwa usukani wa mkia, ule unaogeuza pua kushoto au kulia. Halafu zima ule usaidizi wa kukuendeshea usukani wa mkia. Weka saa nane mchana, joto digrii 26, upepo mdogo wa mashariki. Altimita, yaani kipima kimo, ikikuonyesha kama futi 5,500 na bado hujatoka chini usishtuke, hiyo ndiyo Nairobi.

Na hapo ndipo penye mambo. Kwa kimo hicho hesabu ya kawaida ya hewa inasema joto lingekuwa kama digrii 4, wewe una 26, na hewa ya joto ni nyepesi, kwa hivyo ndege inajihisi kama iko futi 8,000. Injini inavuta hewa nyepesi, zile farasi 65 zinabaki kama 48, na propela na mabawa pia hayana hewa nzito ya kushika. Kando ya bahari siku ya baridi Cub inapanda kama futi 450 kwa dakika, hapa ukipata 200 umefanya vizuri.

Ukiwa peke yako Cub huendeshwa kutoka kiti cha nyuma, na vile imekalia gurudumu la mkia pua inaziba kila kitu mbele, kwa hivyo ukitembea chini nenda kwa nyoka nyoka, chungulia huku, chungulia kule. Petroli unaiangalia kwa kawaya kanakosimama mbele ya kioo, kameshikiliwa na kipande cha koki (cork) kinachoelea ndani ya tangi. Napenda sana hako kawaya, hakana umeme wala kompyuta.

Kuruka tumia ranwei ya 14 au 07. Joistiki nyuma, fungua mafuta polepole hadi mwisho, pua itataka kwenda kushoto, ishike kwa usukani wa kulia, vijigusa vidogo vidogo. (Ukihamia Tiger Moth, ndege nyingine ya zamani, ujue injini yake inazunguka upande mwingine, kwa hivyo ni kushoto.) Ikishika kasi sukuma kidogo mbele mkia uinuke, kisha ngoja. Ranwei itaisha polepole na mkono utawasha kuvuta, usivute. Cub ikiwa tayari itaacha lami yenyewe, ukiilazimisha itaruka kidogo irudi chini, ama mbaya zaidi ibaki hewani bila kasi na huna nguvu ya ziada ya kukuokoa. Ukitoka na 14 Nairobi National Park iko karibu na hapo, injini ikizima teremsha pua uende huko, usijaribu kugeuka kurudi.

Sasa kila mtu anataka kwenda milima ya Ngong. Kilele ni kama futi 8,070, yaani unahitaji kupanda zaidi ya futi 2,500, na kwa 200 kwa dakika hizo ni dakika 12 na zaidi, wakati milima yenyewe iko kama maili 13, dakika 12 hivi za kuruka. Umeona shida? Ukienda moja kwa moja unafika ukiwa sawa na mitambo ya upepo. Zungukazunguka kwanza juu ya mtaa wa Karen mpaka uwe na futi 9,000, halafu ukaribie ukingo kwa mshazari ili ukishindwa ugeuke upesi. Upepo wa mashariki utakuinua upande huu, lakini ukivuka upande wa Bonde la Ufa unakushusha, na kurudi ndiko kugumu.

Kutua shika maili 55 kwa saa kwenye kipimo cha mwendo. Kwa hii hewa nyepesi mwendo wako wa kweli ni kama 62, kwa hivyo chini utaona vitu vinapita haraka, utadhani umezidisha, utavuta, na ndege iliyo kwa 38 kwenye kipimo imeacha kuruka. Mimi nimeanguka hivyo mara nyingi kabla ya kuamini namba badala ya macho. Karibu na lami funga mafuta kabisa injini ipoe, shikilia pua juu kidogo kidogo mpaka magurudumu matatu yaguse pamoja, joistiki ikae nyuma kabisa. Uzito wa Cub uko nyuma ya magurudumu makubwa kwa hivyo mkia ukipata nafasi unataka kuja mbele, na mkia huzipata nafasi hizo hasa ukiwa umeshapunguza mwendo na umeanza kupumua, kwa hivyo endelea na usukani wa mkia mpaka propela isimame.