Kupima Mwanga Sawasawa kwa Lenzi za Zamani kwenye Kamera za Filamu za Otofokasi

Anayefunga lenzi ya zamani kwenye kamera ya filamu ya otofokasi huhangaika zaidi na fokasi, ilhali kinachomharibia picha mara nyingi ni kipimo cha mwanga. Kosa hilo halitokei ovyo. Hubadilika kadiri tundu la lenzi linavyofunguliwa au kufungwa, na kwa sababu hiyo linaweza kupimwa mara moja, likaandikwa, na likafidiwa kila unapopiga.

Hatua ya 1: Fahamu kamera yako inapima vipi

Canon EOS, iliyoingia sokoni mwaka 1987, haina nyenzo ya kimakanika ya kufunga tundu la lenzi. Ukiifungia lenzi ya M42 (aina ya zamani ya lenzi za kuskurubu) kwa adapta, unafunga tundu mwenyewe kwa pete, na kamera inapima mwanga ambao tayari umepungua. Nikon ni habari nyingine: F4, F5, F100 na F6 zina kishikizo kinachosoma pete ya lenzi za AI (lenzi za Nikon ambazo pete yake huijulisha kamera tundu lililochaguliwa), zilizoanza mwaka 1977, kwa hiyo hupima tundu likiwa wazi na kulifunga shata inapofyatuliwa tu. F80 haipimi kabisa lenzi isiyo na chipu, yaani kifaa cha kielektroniki kinachoipa kamera taarifa za lenzi. Lenzi za kabla ya AI ambazo hazijarekebishwa usizilazimishe kwenye F100, kwani pete ya lenzi hizo inaweza kuvunja kishikizo hicho.

Hatua ya 2: Andaa jaribio

Tafuta ukuta usio na mapambo, wenye mwanga ulio sawa na usiobadilikabadilika. Siku ya mawingu yanayopitapita haifai. Weka kamera kwenye tripodi, peleka fokasi ya lenzi hadi mwisho wa mbali, chagua hali ambayo wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi ya shata, kisha weka upimaji unaoegemea katikati ya picha. Upimaji wa kanda nyingi uuache, kwa kuwa kwenye kamera nyingi hutegemea taarifa ambazo lenzi isiyo na chipu haiwezi kuzitoa.

Jambo moja wengi hulisahau: ziba dirisha la kutazamia. Mwanga unaoingia kwa nyuma huifikia seli ya kupimia, na lenzi ikiwa imefungwa hadi f/11 au f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo), mwanga wa mbele ni mdogo kiasi kwamba huo wa nyuma unaweza kuidanganya kamera waziwazi. Wakati wa kupiga kwa kawaida jicho lako ndilo linaloziba, ingawa mvaa miwani, kama mimi, huacha upenyo.

Hatua ya 3: Soma na uandike

Anza na f/16 na ufungue tundu hatua kwa hatua, ukiandika kasi ya shata kila mara. Kila hatua huongeza mwanga maradufu, hivyo kasi nayo inapaswa kuongezeka maradufu: 1/30 kwa f/16, 1/60 kwa f/11, 1/125 kwa f/8, 1/250 kwa f/5.6, 1/500 kwa f/4, 1/1000 kwa f/2.8. Kisha funga lenzi ya otofokasi ya kamera yenyewe, yenye urefu wa fokasi ulio sawa, na usome f/8 kwenye ukuta uleule. Hicho ndicho kipimo cha kulinganishia. Lenzi ya zamani ikikupa 1/60 mahali ambapo hii imetoa 1/125, kamera inazidisha mwanga kwa hatua nzima, na fidia ni −1.

Usishangae mfuatano ukivurugika kati ya f/2.8 na f/1.4. Kioo cha kulengea cha kamera za otofokasi kimetengenezwa king'ae hata kwa lenzi zisizofunguka sana, na mwanga unaopita kwenye kingo za tundu pana haufiki wote kwenye seli. Kamera hudhani kuna mwanga mdogo kuliko uliopo. Kwa upande wa matundu madogo, kosa hutofautiana kati ya kamera na kamera, na ndiyo maana siamini majedwali ya kuazima.

Hatua ya 4: Fidia

Bandika jedwali dogo kwenye kifuniko cha lenzi. Kwa filamu ya negativu napuuza kosa lililo chini ya nusu hatua, hasa likielekea kuzidisha mwanga. Kwa slaidi hata theluthi ya hatua naifidia.

Ukitumia adapta yenye chipu, acha namba ya tundu kwenye kamera ibaki ile pana zaidi ambayo chipu inaitangaza. Chipu ikisema f/1.4 nawe ukachagua f/8 kwenye kamera, itasubiri tundu lifungwe kwa hatua tano ambazo hazitatokea, na filamu itapata mwanga uliozidi kwa hatua hizo tano.

Kwa wenye Nikon kuna mtego ambao jaribio la ukuta haliuoni. Vibamba vya tundu vikiwa na mafuta, hufunga kwa uvivu baada ya kipimo kuwa sahihi, na picha hutoka na mwanga mwingi mno. Weka pete kwenye f/16, sukuma kwa kidole kijiti cha nyuma ya lenzi kisha ukiachie: vibamba vinapaswa kufunga papo hapo. Kama unaweza kuviona vikitembea, lenzi hiyo inahitaji kusafishwa kabla ya kupimwa tena.