Viza imeisha, ndoa ipo: njia ya grinikadi kwa mwenza wa raia wa Marekani

Sauti za WhatsApp ninazotumiwa hufanana: "Dada, nimefunga ndoa na raia, lakini muda wangu ulishapita siku nyingi. Nirudi nyumbani nikaombe upya kwa njia safi?" Kabla sijauliza lolote hujibu: usikate tiketi. Ukiwa mke au mume wa raia wa Marekani, na uliingia kwa kupita kwa afisa wa uhamiaji, sheria inakuruhusu kuombea grinikadi humuhumu ndani hata kama umepitiliza muda. Ukishatoka, zile siku ulizopitiliza zinaanza kukudai.

Mimi si wakili. Nimepitia njia hii mwenyewe, na meza yangu ya kulia chakula imejaziwa fomu nyingi za watu.

Hatua ya 1: Tafuta I-94

Viza ni ruhusa ya kubisha hodi. Muda wa kukaa uko kwenye I-94, rekodi ya kuingia kwako, na unaisoma bure kwenye tovuti ya CBP, wale wa mipakani. Kuna watu wana viza ya miaka mitano pasipoti imenona, kumbe I-94 iliwapa miezi sita tu. Wanafunzi wenye viza ya F-1 wengi huandikiwa D/S, yaani muda wote wa masomo, badala ya tarehe. Hao, hata wakiacha shule, siku za kukaa bila kibali kwa kawaida hazianzi kuhesabiwa mpaka USCIS, idara inayoamua maombi ya uhamiaji, au jaji aamue kwamba wamevunja masharti. Chapisha ukurasa huo, uhifadhi pamoja na pasipoti ya zamani.

Hatua ya 2: Jiulize uliingiaje, na mwenza wako ni nani

Hapa ndipo watu hudanganyana vijiweni. Msamaha wa kupitiliza ni wa mwenza wa *raia*. Mwenza wa mwenye grinikadi yuko foleni nyingine, F2A, na kwa kawaida kupitiliza kwake hakusamehewi. Dawa ya wengi ni kusubiri mdhamini apate uraia. Akishaapa, ombi linapanda daraja.

Halafu mlango ulioingilia:

- Uliyevuka mpaka bila kupita kwa afisa, ndoa peke yake haikufungulii njia ya ndani.
- Uliyekuja kwa viza ya uchumba, K-1, lazima uwe umeoana na yuleyule aliyekuombea. Ukaachana naye ukaoa mwingine, hata awe raia, njia hii imefungwa.
- Uliyekuja kwa J-1, viza ya mabadilishano, angalia kama una sharti la kurudi kwenu miaka 2.
- Mabaharia, nanyi someni hapa. Aliyeingia kwa viza ya wafanyakazi wa meli akashuka na asirudi melini hawezi kubadilishiwa hadhi humu ndani, hata mke awe raia wa kuzaliwa. Watu wa Tanga, Mombasa na Unguja wanalijua hili kwa uchungu.

Hatua ya 3: Funga bahasha moja

Tuma pamoja I-130 na I-130A (mwenza raia anakuombea), I-485 (wewe unaomba grinikadi), hati ya udhamini I-864, kibali cha kazi I-765, kibali cha kusafiri I-131, na ripoti ya daktari I-693. Tangu Desemba 2024 ripoti ya daktari hutakiwa iende pamoja na I-485. Ukisema utaileta baadaye, bahasha nzima inaweza kurudishwa. Kwa ada zilizoanza Aprili 2024, I-130 ya karatasi ni dola 675, I-485 dola 1,440, I-765 dola 260 na I-131 dola 630. Jumla 3,005, bila daktari. Angalia ukurasa wa ada siku ileile unayotuma.

Mdhamini aonyeshe kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Kwa kaya ya watu 2 mwaka 2025 hiyo ilikuwa kama dola 26,437. Kisipotosha, ndugu au rafiki mwenye uraia au grinikadi anaweza kudhamini pamoja naye.

Kinachotukwamisha sisi zaidi ni talaka. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, barua ya sheikh wa mtaa au "tuliachana kienyeji" havitoshi. Kwa Tanzania, tafuta hati ya talaka ya mahakama. Kwa Waislamu wa Kenya, Mahakama ya Kadhi. Ndoa ya kwanza isipothibitishwa kuisha, ya pili inahesabiwa haipo. Hati yoyote ya Kiswahili iende na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mtafsiri aandike na kusaini kwamba anazimudu lugha zote mbili. Binamu yako anaweza.

Hatua ya 4: Kusubiri

Ukihama, toa taarifa ndani ya siku 10. Barua iliyokwenda kwenye anwani ya zamani imeua kesi nyingi. Kibali cha kazi omba kipya siku 180 kabla hakijaisha: ombi lililotumwa tangu 30 Oktoba 2025 halirefushi tena kile cha zamani lenyewe, kwa hiyo ukichelewa utakaa nyumbani bila mshahara.

Muda wa kawaida wa ofisi yako ukipita, anza na ombi la maulizo kwa USCIS. Kisha ofisi ya mbunge wenu wa Congress. Ni bure, unasaini fomu ya ruhusa tu. Mwisho kabisa ni wakili kufungua shauri mahakama ya shirikisho, kuilazimisha idara itoe uamuzi. Uamuzi huo unaweza kuwa "hapana", kwa hiyo faili liwe safi kwanza.

Na jambo la kutisha kidogo: ombi lililo mezani si ngao. Mwishoni mwa 2025, San Diego, wenza wa raia waliopitiliza muda walikamatwa kwenye intavyuu yenyewe. Nenda na wakili, na namba yake iwe kichwani, kwani simu huchukuliwa.

Hatua ya 5: Kadi

Ndoa ikiwa chini ya miaka 2 siku ya kupitishwa, kadi ni ya miaka 2. Tuma I-751, ombi la kuondoa masharti ya kadi hiyo, ndani ya siku 90 za mwisho. Risiti yake hurefusha kadi kwa miezi 48.

Maswali ya wanachama

*Columbus: Dada, I-94 yangu iliisha miaka mitatu iliyopita. I-485 ipo USCIS. Baba amefariki jana, Korogwe. Nikienda kuzika siku tano tu?*

Pole sana, mdogo wangu. Ukitoka bila kibali cha kusafiri, ombi lako linahesabiwa umelitelekeza, na kama ulipitiliza zaidi ya mwaka kabla ya kutuma ombi, unafungiwa kuingia Marekani miaka 10. Siku tano au tano mia ni sawasawa. Piga simu USCIS leo uombe kibali cha dharura, uwe na cheti cha kifo au barua ya hospitali. Tangu uamuzi wa 2012 uitwao Arrabally, kutoka kwa kibali hicho hakuwashi adhabu ya miaka 10. Ila kibali hakikuhakikishii kuruhusiwa kuingia tena, na kwa hali ya sasa usisafiri bila wakili kusoma faili. Wengi wetu tumezika wazazi kwa simu. Halizoeleki.

*Mombasa: Mume wangu ni raia, yuko Seattle. Mimi nilipitiliza miezi minane nikarudi Kenya 2021. Nimefungiwa?*

Ulifungiwa, dada. Zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka ni miaka 3, kuanzia siku uliyotoka. Imeisha 2024. Ulipopitiliza paseme wazi kwenye fomu. Ukificha, unaingia kosa la udanganyifu, na hilo halina tarehe ya kuisha.

*Maine: Mimi ni Mrundi, intavyuu ilifutwa bila sababu.*

Desemba 2025 USCIS ilisitisha maombi ya watu wa nchi 19 zilizowekewa vizuizi vya kuingia Marekani, Burundi na Somalia zikiwemo. Mwezi huohuo Tanzania nayo iliingizwa kwenye orodha ya vizuizi. Usitume ombi jipya juu ya lile la zamani. Tunza risiti, na mwone wakili kuhusu mahakama.

*(Jina na mji nimeombwa nisiweke.) Mume kila tukigombana anasema atafuta karatasi zangu. Ananipiga.*

Kuna I-360 ya VAWA, sheria inayowalinda wanaonyanyaswa na wenza wao. Unajiombea mwenyewe, bila saini yake, bila ada, na idara imekatazwa na sheria kumwambia. Kwa wanaume pia ipo. Nitumie ujumbe wa faragha, kwa simu asiyoishika yeye.