Upanga wa mwanga kwa tyubu laiti iliyoungua

Vijana wakija hapa Majengo kuniulizia upanga wa mwanga, ule wa sinema za angani, huanzia kwenye programu. Programu utaimaliza jioni moja. Panga nyingi zinaharibikia kwenye umeme, na hapo ndipo nitakapokaa sana.

Kwanza tafuta mrija. Watengenezaji wa nje hutumia bomba la polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi. Mimi nachukua tyubu laiti ya LED iliyoungua, ya plastiki tupu. Tyubu ya T8 ina kipenyo cha karibu inchi 1, saizi inayozoeleka kwa panga hizi, na plastiki yake tayari ina weupe unaosambaza mwanga. Igonge kwa ukucha: ikitoa mlio wa kioo, iache. Ng'oa vifuniko, vuta taa za zamani, osha kwa sabuni, ikauke kabisa. Ukuta wake ni mwembamba, kwa hiyo upanga huu ni wa jukwaani na wa kupigia picha. Anayetaka kupigana nao kwelikweli aagize polikaboneti nene, asinilaumu.

Ukanda wa LED uwe wa aina ya WS2812B, volti 5, LED 144 kwa mita, usiovikwa mpira wa kuzuia maji. Wangu huwa naagiza Kariakoo. Kila LED ina chipu yake ndani: inachukua biti 24 zake, nane kwa kila rangi, zinazobaki inampitishia jirani. Ndiyo maana mwanga unaweza kupanda taratibu toka mpinini hadi nchani. Kata vipande viwili vya sentimita 70, vibandike mgongo kwa mgongo, mishale iliyochapwa juu yake yote ielekee nchani.

Sasa piga hesabu. Hapo una LED kama 200. Moja ikiwaka nyeupe kamili inaweza kula hadi miliampea 60, kwa hiyo zote ni ampea 12! Nyekundu peke yake ni kama theluthi ya hapo. Ukileta umeme huo kwa waya wa chaja ya simu, utaona nyeupe mpinini, njano katikati, na nchani wekundu mtupu, kwa sababu bluu na kijani zinahitaji volti kubwa kuliko nyekundu, basi ndizo zinazozimika mapema. Shaba ya ukanda wenyewe nayo ni nyembamba. Lehemu chanya na hasi chini, upande wa mpini, halafu jozi nyingine ya waya wenye ganda, milimita 0.75 za mraba, ipite katikati ya migongo ya kanda mpaka juu nchani na ilehemiwe huko pia. Ndiyo kazi inayochosha kuliko zote, na wengi wanairuka.

Betri ni 18650 moja, ile ya litiamu yenye umbo la silinda, ya kutoa ampea nyingi. Zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato za zamani mara nyingi hazifai. Weka fyuzi ya gari ya ampea 7.5 karibu kabisa na chanya ya betri. Litiamu ikipiga shoti ndani ya mpini, mkono wako ndio uko pale. Arduino Nano, kibao kidogo cha kompyuta kinachoendesha taa, ipate umeme kwenye pini yake ya volti 5 kutoka betri hiyohiyo, hasi zote ziungane, na waya wa data upitie rezista (kipunguza umeme) ya omu 470 kabla ya kugawanyika kwenda kanda zote mbili.

Kwenye programu tumia FastLED, maktaba ya kodi ya kuendesha taa hizi. Andika LED 100, kwa kuwa kanda zote zinasikiliza data moja, lakini kumbuka ulaji ni wa 200: kikomo cha umeme cha FastLED kinahesabu LED ilizoambiwa tu, hivyo ukitaka zisizidi ampea 4 kiwekee miliampea 2000. Ukiagiza nyekundu ikatoka kijani, badilisha mpangilio wa rangi uwe GRB, yaani kijani, nyekundu, bluu. Taa zikiwaka hadi ya 36 halafu giza, kagua ya 36 na ya 37. Moja imekufa au imeachia.

Kabla ya kuingiza kanda, zizungushie sponji jembamba jeupe la kufungia runinga ili vidoti vya LED visionekane. Kwa mpini, nenda na tyubu yako dukani ukajaribishe mabomba ya maji mpaka upate linalobana. Ncha izibe kwa gundi ya moto pande zote, maana upepo wa kiangazi hapa unaingiza vumbi popote, na doa likiwa ndani hulifuti tena bila kuvunja kila kitu. Betri ichajie nje ya mpini.