Kuisitiri bustani ya nyumbani kwenye vilima vya Mwanza

Kwa nyumba za Isamilo, Bugando, Mabatini na kote kulikojengwa kupanda mlima, ukuta wa mpakani peke yake hausitiri. Ukuta wa mita 2 unamzuia anayepita njiani. Jirani wa nyuma, ambaye sakafu yake iko sawa na paa lako, bado anaona mpaka rangi ya chai unayokunywa. Wengi hugundua hivyo baada ya saruji kuisha, kisha wanaongeza kozi mbili za tofali juu, na bado wanaonekana. Ndiyo maana kazi hii haianzii mpakani. Inaanzia kwenye kiti.

Weka kiti pale mnapopenda kupunga upepo jioni, ukae. Angalia madirisha na baraza unazoziona, unachokiona kinakuona. Mwenzako achukue ufito wa mita 3, afunge kitambaa cheusi kwenye ncha, asimame nao kati yako na dirisha linalokusumbua, aupandishe polepole hadi kitambaa kilifunike lile dirisha. Pima urefu huo. Kisha asogee karibu yako zaidi, mpime tena.

Tofauti itakushangaza. Chukua mfano: kichwa chako ukiwa umekaa kiko mita 1.2 kutoka chini. Jicho la jirani liko mita 5.2 juu ya usawa wa uwanja wako, na umbali kati yenu ni mita 12. Kinga ikikaa mpakani, mita 9 kutoka kwenye kiti, inatakiwa iwe na kimo cha mita 4.2. Ikisogezwa hadi mita 3 kutoka kwenye kiti, mita 2.2 zinatosha. Ikiwa mita 1.5 tu kutoka kwako, ni mita 1.7. Bustani ni ileile na jirani ni yuleyule, ila gharama imeshuka mno. Usijaribu kuficha kiwanja kizima. Sitiri sehemu ya kukaa, sehemu ya kuanika nguo, na mlango wa jikoni.

Kwa sehemu ya kukaa, hakuna kinachoshinda kichanja cha pasheni, kwa sababu kinakinga juu na ubavuni kwa pamoja. Kwa eneo la mita 3 kwa 3 unahitaji mirunda (miti minyoofu ya kujengea) 4 yenye urefu wa mita 2.4 na unene wa sentimita 10 hivi, mingine 4 mirefu zaidi ya kuunganisha juu, na waya mzito wa mabati unaotandazwa kila baada ya sentimita 40. Mirunda usiizike moja kwa moja. Mchwa wataila kuanzia chini, na utakuja kujua siku upepo wa ziwani utakapoilaza. Chimba shimo la sentimita 60, mimina zege la saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, usimamishe humo vipande viwili vya chuma bapa vinavyochomoza sentimita 30 juu ya ardhi. Mrunda unakaa katikati ya vyuma hivyo, umeinuliwa sentimita 5 kutoka chini, umefungwa kwa bolti mbili. Mafundi wengi hupaka oili chafu kuzuia mchwa. Hapa tunaikataa, maana oili hiyo inaingia kwenye udongo unaolisha mmea wa chakula.

Na sururu ikigonga jabali baada ya sentimita 20? Kwa Mwanza hilo ni la kawaida. Usihangaike na tindo. Kata pipa la lita 200 nusu, simamisha nguzo katikati, jaza zege. Nusu pipa hilo litazidi kilo 200 na halitikisiki. Ndoo ya lita 20 ikijaa zege haifiki kilo 50. Kichanja chenye majani kinashika upepo kama tanga, na ndoo zitapinduka.

Pasheni ya njano inavumilia joto la huku kuliko ya zambarau, inayopenda nyanda za baridi. Panda mche mmoja kwenye kila nguzo, katika shimo la sentimita 45 kila upande, udongo wa juu ukiwa umechanganywa na ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri. Mbichi itaunguza mizizi. Mche ukianza kutambaa juu, ondoa machipukizi ya pembeni, bakiza shina moja hadi lifike juu ya waya, ndipo ukate ncha ili utawanyike. Upande wa kilimani acha matawi yaning'inie hadi usawa wa kifua. Hilo ndilo pazia lako. Kosa linaloua pasheni nyingi ni maji kutuama kwenye shina. Maji ya mvua hushuka kutoka mlimani kwa nguvu, kwa hiyo chimba mfereji mdogo juu ya mashimo uyapitishe pembeni.

Ukiwa na haraka, tumia neti ya kivuli, ile nzito inayozuia asilimia 80 ya mwanga. Usiipigilie misumari moja kwa moja, itachanika pembeni kabla ya msimu kuisha. Kunja ukingo mara mbili, ubane kwa fito juu ya mrunda, halafu pitisha waya juu na chini na ufunge kila sentimita 30. Mabati hufanya kazi pia, ila yanapiga kelele usiku na kuakisi joto. Mabanzi, yale mabaki ya pembeni ya magogo yaliyopasuliwa mbao, ni bora zaidi: acha mwanya wa sentimita 2 kati ya banzi na banzi upepo upite, na uyainue chini kwa mawe.

Mpakani panafaa mimea. Miashoki, ile miti mirefu myembamba ya mapambo, hukaa wima bila kutanuka: panda kila baada ya mita 1, mita 1 kutoka ukutani, mbali na shimo la maji machafu, na usikate matawi ya chini, maana yakishaondolewa unabaki na vigogo vitupu usawa wa macho. Panda mvua za vuli zinapoanza ili mche upate na masika kabla ya kiangazi cha Juni. Kiangazi hicho cha kwanza, lita 10 kwa kila mche mara mbili kwa wiki.

Minyaa ni ya bure na haiombi maji. Kata vipande vya sentimita 40, viache kivulini siku tano utomvu ukauke, zika sentimita 15, nafasi ya sentimita 25, mistari miwili inayopishana. Lakini utomvu wake ni hatari kwa macho. Vaa miwani na glovu, usikate upepo ukivuma. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mfululizo kwa dakika 15, kisha nenda hospitali. Nyumba yenye watoto wadogo iuache mmea huu.

Karibu na majabali, pimbi watakula machipukizi kabla hayajakomaa. Zungushia kila mche wavu wa kuku wa kimo cha mita 1 kwa mwaka wa kwanza.

Mliojenga ufukweni, msifyeke matete yaliyo majini wala kuyakata mjengee uzio. Ni mazalia ya samaki, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Ukuta wa tofali ukiwa lazima, pitia ofisi ya mtaa uulizie kibali na uhakikishe bikoni, yale mawe ya mpaka wa kiwanja. Acha vitundu vya maji chini kila mita 1.5; ukuta usio na vitundu kwenye mteremko hugeuka bwawa, na ndio unaoanguka. Usiunyanyue juu ya ukuta wa kuzuia udongo ambao haukujengwa kubeba mzigo huo.

Bado kuna usiku. Mchana neti inakuficha kwa sababu mwanga mwingi uko nje. Giza likiingia ukawasha balbu ndani, mambo yanageuka: nje giza, ndani peupe, na neti inakuwa kama haipo. Taa ikae upande wa nje wa pazia, imulike chini, na mezani ibaki taa ndogo iliyo chini ya usawa wa kifua.